Nakala ya Tatu

Nilimnakilia Yevgraf Tikhonovich msimu mzima wa theluji,
kopeki tatu kwa ukurasa, mishumaa juu yake,
wino tukiuyeyusha kwa pumzi kabla ya kila aya.
Mwandiko wake ulikimbia kama kuku aliyekatwa kichwa;
mimi, binti wa shemasi, nikausimamisha wima.

Alikuwa mhamishwa. Serikali ilimtupa kwetu
na masanduku mawili: moja la vitabu,
na la pili la vitabu.
Buti aliazima kwa baba.

Aliandika: Maadili hayakushuka na mvua,
wala hayamo damuni kama rangi ya macho.
Aliyezaliwa peke yake akafa peke yake
hawezi kuwa mwema, hawezi kuwa mwovu,
jiwe halina adabu wala utovu wake.
Wema huanza pale mtu wa pili anapobisha hodi.

Nikainua kalamu. Nilipenda hilo la hodi.
Mama hakulipenda.
"Na Mungu je, alipokuwa peke yake?"
akauliza, kisu kikiendelea na kabichi.

Aliandika: Jamii si hesabu. Watu mia sokoni ni mia tu.
Ila akianguka mmoja, tisini na tisa wakageuka,
pamezaliwa kitu ambacho hakuna tabibu atakayekiona
hata akipasua vifua vyote mia.
Kiite jamii, kiite maadili:
majina mawili, mtoto mmoja.

Huo ulikuwa ukurasa wa arobaini na moja.

Machi, barafu ya mto ilipoanza kulia usiku,
wakamnasa Akim Shurygin
na farasi wa Pakhom mwenye chongo.
Kijiji kilitoka chote. Nasema chote.
Kila mmoja pigo moja,
asiwepo wa kusema si mimi,
asiwepo wa kuambiwa ni wewe.
Bibi Fedosya, ambaye hainui hata ndoo,
walimpisha njia, wakamkabidhi kijiti.
Baba alifunga dirisha.
Hilo ndilo lilikuwa pigo lake.

Jioni nikaenda kazini kama kawaida.
Ukurasa wa arobaini na mbili ulikuwa mezani:
Kidole kimoja hakivunji chawa...
Nikasema: Yevgraf Tikhonovich,
alianguka mmoja, na tisini na tisa wakageuka.
Yule mtoto wako ndiye huyu?

Samovari ilichemka hadi ikakauka.
Tulisikia shaba ikianza kuungua,
na hakuna aliyenyanyuka.

Asubuhi nilikuta karatasi imejaa mikato,
na chini kabisa, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma:
Na uovu pia. Mlango ni uleule.

Hakuridhika nayo. Alasiri akaifuta.

Kesho yake alivaa buti za baba
akaenda kwa Ustinya, mjane wa Akim,
nyumba ambayo sasa hata mbwa waliizunguka mbali.
Alikuwa na unga kidogo ndani ya soksi
maana mfuko hakuwa nao.
Akabisha. Akasimama. Akarudi na unga wake.
Siku ya pili vilevile.
Siku ya tatu nilikwenda naye;
nilijiambia nafuata buti.
Theluji ilikuwa imegeuka tope la rangi ya chai.
Alibisha hodi, yeye aliyejaza kurasa arobaini
juu ya kile kinachozaliwa kati ya watu wawili,
na nikaona hajui aweke wapi mikono.

Ndani, mtoto alikohoa.
Kisha komeo likasogea, nusu.

Kitabu hakikutoka. Mkaguzi wa mkoa
alikirudisha na alama ya duara kwenye neno "jamii",
kila lilipotokea, duara, duara.
Yevgraf Tikhonovich walimhamishia kaskazini zaidi,
na buti, safari hii, baba alimpa.

Ninazo nakala tatu za ukurasa wa arobaini na mbili.
Hazifanani.
Ya tatu ina sentensi moja tu, tena haikuisha:
Walipokuwa wengi, alihitajika mmoja ambaye

Kopeki tatu za ukurasa huo
sikumdai.